Napima kutwa kama naota, usiku hamna kitu. Nakosea wapi?

Mvukaji_Likoni

Asalaam aleikum jamaa.

Nafanya mazoezi ya mchana ya kutafuta ndoto za kujitambua, yaani kuota huku unajua kuwa unaota. Leo ni wiki ya tatu. Utaratibu ni huu: simu inalia kila saa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, mara 14 kwa siku. Ikilia nahesabu vidole vya mkono wa kushoto, kama niko ndani nawasha na kuzima taa mara moja, nasema "siko ndotoni", naendelea na kazi. Kutwa niko dukani Marikiti, Mombasa, jioni navuka feri. Nalala kati ya saa tano na saa sita usiku, naamka kwa adhana ya alfajiri. Ndoto nakumbuka moja au mbili kwa wiki na siziandiki.

Mpaka sasa sijajitambua hata mara moja. Naomba msaada kwa haya matatu:

1. Niongeze idadi ya vipimo au nibadilishe vipimo vyenyewe?
2. Kipimo gani naweza kukifanya mbele za watu bila kuonekana nina kasoro?
3. Mazoezi ya mchana peke yake yanatosha, au lazima niamke katikati ya usiku?

Vidonge na dawa za miti sitaki.

---

Dele_na_Vikombe

Waaleikum salaam ndugu yangu. Idadi usiiguse kwanza, na hiyo kengele ya simu izime leo. Hiyo ndiyo inayokuangusha zaidi.

Unachotaka kujenga ni uwezo wa kukumbuka jambo wakati hakuna mtu wala chombo cha kukukumbusha. Ndotoni simu haitakulilia. Kwa wiki tatu umeifundisha akili yako kungoja mlio, kisha ihesabu vidole. Mlio usipokuja, akili haina la kufanya. Unachokosa ni kumbukumbu ileile ya mtu aliyeambiwa asubuhi "ukirudi pitia chumvi", na jioni akaikumbuka mwenyewe alipoliona duka, bila kupigiwa.

Badala ya saa, tumia matukio. Kila asubuhi kabla hujatoka teua vituo vinne vya siku hiyo, vitu ambavyo una hakika vitatokea lakini hujui saa ngapi. Kwa mtu wa Marikiti vinaweza kuwa hivi: muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mteja wa kwanza atakayekupa noti ya elfu, paka akikatiza mbele yako, honi ya feri. Visome mara mbili, viweke kichwani, usivichore mkononi. Kila kituo kikitokea kwa mara ya kwanza siku hiyo, simama upime. Usiku andika umepata vingapi kati ya vinne. Ukikumbuka dakika tano baadaye kwamba yule wa kahawa ameshapita na dele lake, hicho kimekupita, usikihesabu. Kesho badilisha vyote vinne. Siku za mwanzo unaweza kuambulia kimoja tu, na hapo ndipo utakapoona udhaifu ulipo. Ukipata vinne kwa vinne siku tatu mfululizo, ongeza mpaka vinane. Kupita kumi sioni faida, maana kipimo huanza kufanywa mbio mbio.

Kubadilisha usikuache. Kitu kilekile mahali palepale, kama zile pembe za ndovu za Moi Avenue, baada ya wiki moja unapita chini yake na huzioni tena.

Sasa kipimo chenyewe. Chako kinachukua sekunde tatu, na jibu unalo kabla hujaanza. Mtu aliyezoea kusema "siko ndotoni" akiwa macho, ndotoni pia atasema "siko ndotoni", kisha ataendelea kuota. Lazima kuwe na shaka ya kweli, hata kama ni ndogo. Tenga nusu dakika nzima.

Simama. Acha ulichoshika. Jiulize: nimefikaje hapa? Kisha urudi nyuma hatua kwa hatua, kama dakika kumi hivi. Kazi yote iko hapa, na ndipo watu wanapopakimbia wakawahi kuhesabu vidole. Chukua feri. Uko katikati ya kivuko, upepo wa bahari unakupiga, watu bega kwa bega. Uliingiaje? Ulipoteremka kuelekea majini ulikuwa nyuma ya nani, wa mkokoteni au wa baiskeli? Ulingoja muda gani kabla lango halijafunguliwa? Jua lilikuwa upande gani wa uso wako? Mfuko ulikuwa mkono gani, na saa hii uko mkono gani? Ukiwa macho, majibu haya yanakuja moja baada ya jingine, na hata yakiwa na mapengo yanashikana. Ndoto haina foleni wala mteremko. Inakutupa katikati ya feri, na ukiuliza ulikotoka unakuta hakuna nyuma. Au unapata jibu la haraka ambalo ukiligusa linavunjika: "natoka shule", na shule ulimaliza zamani.

Paul Tholey, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ndiye aliyelijenga swali hili likawa mbinu kamili: ujiulize kwa dhati kama unaota, mara kadhaa kwa siku, hasa pale mambo yanapofanana na ya ndotoni. Neno zito hapo ni "kwa dhati".

Baada ya swali fanya vipimo viwili vya mwili. Kimoja hakitoshi, kwa sababu ndoto inaweza kukipita. Cha kwanza: funga mdomo, bana pua kwa kidole gumba na cha shahada, vuta pumzi polepole. Ndotoni pumzi itapita kana kwamba pua iko wazi. Pua uliyoibana ni ya ndotoni, ile ya kitandani haijaguswa na kifua kinaendelea kupumua kama kawaida. Cha pili: maandishi. Soma, tazama kando, soma tena.

Malizia kwa nia. Sema moyoni, "nikiota tena, nitakumbuka kuwa naota", halafu kwa sekunde tano paone mahali hapohapo pakiwa ndoto. Feri inainuka juu ya maji, na wewe umejua. Ungefanya nini kwanza? Bila hatua hii umejifundisha kuwa makini mchana tu, na hakuna kamba inayoufunga mchana na usiku.

Usipime ukiwa unaendesha, unavuka barabara au umesimama ukingoni mwa feri. Na kile kipimo cha kuruka kutoka mahali pa juu kifute kabisa. Kipimo halali ni kile ambacho ukiwa macho hakitakudhuru.

---

Binti_wa_Kuze

Kaka Mvukaji, Dele amesema sawa. Mimi naongeza kwenye vipimo, kwa sababu vingi vinavyozunguka mitandaoni havikutungwa kwa mazingira yetu.

Cha taa kiache. Keith Hearne, mtafiti wa Uingereza, aliandika mwaka 1981 kwamba ndotoni ukibonyeza swichi mara nyingi taa haiwaki inavyopaswa, na ndiko kipimo kilikotoka. Lakini kipimo kinafaa pale tu kushindwa kwake kunaposhangaza. Hapa Mombasa taa isipowaka hakuna anayeshangaa. Akili ya ndotoni ina jibu mkononi: stima imepotea, au tokeni zimeisha. Utatafuta mshumaa ndani ya ndoto na hutajua lolote.

Cha vidole kinafaa, ila si kwa kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano ni wimbo. Mdomo utafika tano hata kama vidole ni saba. Badala yake utazame mkono kwa sekunde tano, ugeuze, utazame tena. Ndotoni vidole huongezeka, huyeyuka, au kimoja hutoka penye kingine. Halafu sukuma kidole cha shahada cha mkono mmoja kwenye kiganja cha mkono wa pili, ukitarajia kweli kwamba kitapenya. Kutarajia ndiko kunakofanya kipenye.

Maandishi ndiyo mali yetu. Sisi wanawake tuna leso. Jina la leso liko chini ya mji, yaani lile pambo la katikati, karibu na pindo, kwa herufi kubwa, na ni sentensi fupi inayosomeka kwa pumzi moja. Ikunjue, isome neno kwa neno, geuza uso, irudie. Ukiwa macho jina halibadiliki. Ndotoni maneno huhama, au yanakuwa herufi zisizosomeka, au unasoma methali nyingine kabisa. Wewe kaka usisimame kukodolea macho nguo za watu kwenye foleni. Tumia ujumbe wa M-Pesa. Kila muamala una msimbo wa herufi na tarakimu 10 mwanzoni. Soma nne za mwisho, tazama mlango, soma tena. Ila unasoma jumbe hizo kutwa kwa ajili ya kazi, kwa hiyo chagua mmoja tu, mathalani wa kwanza baada ya chakula cha mchana. Ukipima kila muamala kitakuwa wimbo kama vidole.

Namba za tuktuk na maandishi ya matatu hayafai sana, maana gari linapita kabla hujasoma mara ya pili. Saa ya simu inafaa: tazama dakika, kando, tazama tena. Kioo nisingemshauri anayeanza. Sura ndotoni huharibika na mtu akishtuka anaamka.

Kuhusu kujificha: kubana pua ni rahisi. Mwenye nikabu anabana chini ya kitambaa na hakuna anayejua. Mwanamume atoe hankachifu kama anayepangusa pua, au aegemeze kiwiko mezani afunike uso nusu kama aliyechoka. Ukiwa na mafua kiache, tumia maandishi.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko vipimo vyote: huna daftari. Kwa ndoto mbili kwa wiki, unaweza kuwa umeshajitambua ukasahau kabla ya kupiga mswaki. Mpaka ukumbuke walau ndoto moja kila usiku, vipimo ni kazi ya bure. Daftari na kalamu viwe chini ya mto, ndani ya chandarua, si mezani. Ukiamka usijigeuze na usifungue macho. Mwili ukihama, ndoto inahama nayo. Jiulize, "nilikuwa wapi sasa hivi?" na ungoje dakika moja. Ukipata kipande kimoja, kishike urudi nyuma kutoka hapo. Kisha andika kwanza maneno matatu au manne ya kukumbukia, halafu ndoto nzima kama inayotokea sasa. Usiandike kwenye simu. Mwanga na jumbe zilizoingia vitaifuta ndoto kabla hujafika mstari wa pili. Kama hakuna ndoto, andika hisia uliyoamka nayo. Kalamu iguse karatasi kila asubuhi.

Ukifikisha ndoto 12 au 15, kaa uzisome zote kwa mkupuo mmoja na upige mstari chini ya kila kisichowezekana. Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto wa Marekani, aligawa dalili za ndoto mafungu manne na mgawo wake unasaidia kuziona. Ya ndani yako: hofu isiyo na sababu, kujua jambo ambalo hujaambiwa. Vitendo: kuruka, miguu kuwa mizito unapokimbia, simu isiyopigika. Maumbo: meno yanang'oka, nyumba ina chumba ambacho haina. Mazingira: marehemu amekaa barazani, uko darasani tena, bahari iko upande usio wake. Utaona una fungu lako linalorudi. Hilo ndilo uligeuze kuwa kituo cha mchana. Kama ndoto zako zimejaa marehemu, basi kila marehemu anapotajwa mbele yako au anapokujia moyoni, pima. Kama ni maji, pima kila unapokanyaga maji. Vituo vya Dele vinakufundisha kukumbuka. Hivi vinakukutanisha na ndoto yako mwenyewe.

---

Mvukaji_Likoni

Shukrani sana, dada Binti na kaka Dele. Kengele nimeshaifuta.

Nauliza zaidi. Swala tano je, naweza kuzifanya vituo? Zina nyakati na tayari naacha kazi. Pili, nasoma kwamba ndoto hizi zinapatikana kwa kulala tena baada ya alfajiri. Nyumbani kwetu hilo haliwezekani, mama anasema kulala baada ya alfajiri kunaondoa baraka, na sitaki kubishana naye. Tatu, ni kweli kwamba mazoezi haya yanaleta jinamizi?

---

Zamu_ya_Usiku

Kaka, nakujibu pamoja na lile swali lako la tatu la mwanzo, kwa sababu yote yanagusa usingizi.

Mchana peke yake? Kwa wengi hautoshi. Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alichapisha mwaka 2017 utafiti uliolinganisha makundi. Waliofanya vipimo vya mchana tu hawakupata ongezeko la maana. Waliounganisha vipimo, kuamka baada ya saa tano za usingizi na mbinu ya kuweka nia walifaulu asilimia 17 ya majaribio katika wiki moja. Na walioshikwa na usingizi ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia walifikia karibu asilimia 46. Mchana unapanda mbegu, lakini mvua iko usiku.

Tazama hesabu yako. Unalala saa tano au sita, unaamka karibu saa kumi na moja. Hizo ni saa tano au sita. Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kipande cha REM, penye ndoto kali, ni kifupi mwanzoni na kinarefuka kuelekea asubuhi. Wewe unakata kila siku kile kipande kirefu. Huenda ndiyo sababu hukumbuki ndoto. Kabla ya mbinu yoyote, lala saa moja mapema. Hilo peke yake linaweza kubadilisha daftari lako.

Halafu mama yako muache na baraka zake, huhitaji kulala baada ya alfajiri. Sogeza kila kitu nyuma. Lala saa nne na nusu. Weka kengele saa tisa na nusu usiku, baada ya saa tano kamili. Hapa kengele inaruhusiwa, maana kazi yake ni kukuamsha, si kukukumbusha kupima. Usiizime ukiwa umelala. Iweke mbali ili uinuke. Nenda choo, kunywa maji kidogo, kaa dakika 15 hadi 20 kwa taa hafifu, andika ndoto uliyotoka nayo. Anayeswali tahajudi, wakati wake ndio huo. Ukichelewa kupita nusu saa hutalala tena kabla ya adhana. Ukikaa dakika mbili tu, akili haitaamka vya kutosha.

Ukirudi kitandani, fanya mbinu aliyoieleza Stephen LaBerge wa Stanford mwaka 1980, inayojulikana kwa herufi MILD. Chukua ndoto uliyoandika. Ipitishe kichwani mpaka pale penye jambo lisilowezekana. Hapo ibadilishe: jione unasimama, unabana pua, pumzi inapita, unajua. Sema moyoni, "nitakapoota tena, nitakumbuka kuwa naota." Rudia picha na maneno hayo mpaka yaache kuwa maneno matupu. Mawazo yakienda kwenye bei ya mchele, yarudishe bila hasira. Lililo la mwisho kichwani kabla ya usingizi liwe hilo. Una zaidi ya saa moja mpaka adhana, na ni saa iliyojaa REM.

Fanya hivi usiku mmoja au miwili kwa wiki, si zaidi, na isiwe usiku wa kuamkia safari ya kuendesha. Usingizi ukipungua kila siku, ndoto nazo zinapungua.

Kuhusu swala. Ndani ya swala usipime, na usiwe umesimama mbele ya Mola wako huku unawaza vidole. Ukishatoa salamu na kabla hujainuka, hapo unaweza kujiuliza umefikaje msikitini. Lakini ichague swala moja kwa siku, na ibadilishe, kwa sababu nyakati hizo mwili umeshazizoea na mazoea ndiyo unayopigana nayo.

Jinamizi: katika REM misuli ya mwili inalegezwa ili usiigize ndoto. Ukiamka kidogo kabla haijafunguliwa, unajikuta huwezi kusogea, kifua kizito, mara nyingine unaona mtu chumbani. Pumzi haikatiki, na hali hiyo hupita yenyewe kwa sekunde au dakika chache. Vipimo vya mchana havileti hilo. Kuamka usiku na kukosa usingizi vinaweza kuliongeza, hasa ukilala chali. Lala ubavu. Likikushika usishindane nalo. Zungusha macho, jaribu ncha za vidole vya mguu, pumua taratibu.

---

Baraza_la_Mkanyageni

Jamaa, mnayajuaje haya yote kuwa ni kweli? Mtu akisema "nilijua naota" labda aliota tu kwamba anajua. Na je, hakuna shetani ndani yake?

---

Zamu_ya_Usiku

Shekhe, la kwanza lina jibu la maabara. Macho hayalegezwi pamoja na misuli mingine. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, Keith Hearne alimuunganisha Alan Worsley kwenye mashine, wakiwa wameshapatana kwamba akijitambua ndotoni atayapeleka macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Mpangilio ulitokea kwenye karatasi ya mashine huku vipimo vingine vikionyesha amelala. LaBerge alifanya vivyo hivyo Stanford miaka michache baadaye, bila kutegemea kazi ya Hearne. Mtu anayeota tu kwamba anajua hatimizi ahadi aliyoiweka akiwa macho.

La pili, katika hadithi ndoto zimetajwa mafungu matatu: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na mazungumzo ya nafsi. Tunayozungumza hapa ni hilo la tatu, nafsi ikirudia mambo yake ya mchana. Hukumu yake muulize shekhe wako, si sisi.

---

Ukingo_wa_Tudor

Naomba nitofautiane kidogo. Mnasisitiza sana vipimo. Kwa maoni yangu umakini wa mfululizo unazaa zaidi: dakika kumi za kutembea, kutoka Mwembe Tayari mpaka Posta, ukishika kila hisi kwa zamu. Nyayo kwenye lami, jasho mgongoni, harufu ya viazi karai, honi, kivuli kinapokupitia. Akili ikipotea, irudishe kwenye nyayo. Mwenye umakini huo anaona kasoro bila kubana pua.

---

Dele_na_Vikombe

Kutembea hivyo kunafaa, na nisingemzuia mtu. Lakini ndoto nayo ina lami, jasho na harufu, na ukizishika kwa makini zitakuridhisha kwamba ni za kweli. Zitazame hisi zako, halafu uulize swali. Kwa hiyo mwisho wa zile dakika kumi, ukifika Posta, geuka uitazame njia uliyopita na uikumbuke kinyumenyume mpaka Mwembe Tayari. Hapo tumekutana.

Onyo moja ambalo halijatajwa. Ikitokea mchana dunia ikaanza kuonekana kama si ya kweli, kama unaitazama kupitia kioo, na hali hiyo ikabaki baada ya kipimo kwisha, acha vipimo vyote. Rudi kwenye usingizi wa kutosha na kazi za mikono. Ikiendelea nenda hospitali. Na mtu ambaye amewahi kusikia sauti au kuona wasioonekana na wengine, au anayetibiwa maradhi ya akili, asianze zoezi la kutilia shaka alicho nacho mbele ya macho bila kumuuliza daktari wake.

---

Mvukaji_Likoni

Nimeelewa. Niangalizieni mpango:

Wiki mbili za kwanza: daftari tu na kulala saa nne na nusu, hakuna kipimo. Wiki ya tatu: vituo vinne kila siku, kila kimoja nusu dakika, nimefikaje hapa, pua, msimbo wa M-Pesa, nia. Wiki ya nne: naongeza kituo kutoka daftarini, na usiku wa kuamkia Jumapili naamka saa tisa na nusu.

Na nikijitambua kweli, nifanye nini nisiamke hapohapo?

---

Binti_wa_Kuze

Mpango ni mzuri, kaka. Ila vituo vinne vianze sasa, sambamba na daftari, bila pua wala maandishi: ukikumbuka kituo, weka alama tu. Ukumbusho unahitaji hizo wiki mbili kukomaa.

Ukijitambua, usishangilie. Furaha ya ghafla ndiyo inayowaamsha wengi. Sugua viganja viwili kwa nguvu usikie joto, gusa ukuta au udongo, tazama vitu vidogo vidogo vilivyo karibu, na usikodolee kimoja kwa muda mrefu. Ikianza kufifia, sugua tena. Mara za kwanza zitakuwa fupi, inshallah zitarefuka. Usipange makubwa, panga jambo moja dogo, kama kusoma maandishi mara mbili uone yanavyogeuka.

---

Zamu_ya_Usiku

Kimoja kimesahaulika kwenye mpango: kuamka kwenyewe kuwe kituo cha kudumu, hiki usikibadilishe. Kuna kuamka kwa uongo. Unaota umeamka, umekaa kitandani, umesikia adhana, umevaa, unaelekea ferini, na bado umelala. Kwa anayeamka usiku kama utakavyofanya wewe, huweza kutokea zaidi, na ni mlango mwepesi kuliko yote ukiujua. Kwa hiyo kila ukifumbua macho, saa tisa na nusu au alfajiri, hata ukiwa na hakika kabisa, kumbuka ndoto kwanza bila kusogea, kisha bana pua kabla hujainua chandarua.